Usinunue Kisanduku Kizima: Miguu ya Cherehani kwa Mafundi wa Kwilti

(Maneno niliyosema mbele ya vikundi vya ushonaji mjini Busia, upande wa Uganda. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na maswali yaliyofuata.)

Mama mwenyekiti, wazee wetu wa soko, mafundi wenzangu, na nyinyi akina dada mliovuka mpaka asubuhi hii mmepakata vichwa vya cherehani kwenye boda: hamjambo, na karibuni.

Nimeletewa swali moja, nami nitajibu hilo hilo. Vikundi vyenu vimeweka akiba. Mmechoka kutupa mabaki ya vitenge, mnataka kuyaunga mshone kwilti, yaani matandiko ya viraka yenye tabaka tatu, za kuuza. Mwenye duka amewaonyesha kisanduku cha miguu ya cherehani, vile vichuma vinavyokandamiza kitambaa chini ya sindano, miguu 32 inayong'aa, kila mmoja umelazwa kwenye kitundu chake. Bei si mbaya. Je, kikundi kinunue?

Kisinunue. Fundi wa kwilti anahitaji miguu miwili mizuri, na wa tatu akipenda. Iliyobaki kisandukuni ni ya kukunja pindo jembamba, ya kubandika lulu, ya kutia vifungo, ya kufuata kamba. Mingi katika hiyo inataka cherehani ya zigizaga, ile ambayo sindano yake inakwenda kushoto na kulia. Wengi wenu hapa mnatumia ile nyeusi ya kukanyaga, Butterfly au Singer ya mama mkwe, na hiyo inashona mstari ulionyooka, basi. Mguu wa zigizaga ukiufunga pale utashika kitambaa, ndiyo, lakini nafasi yake ya sindano ni pana bila sababu, na kitambaa chepesi kitavutwa humo na sindano mpaka kikunjamane.

Kabla ya kutaja mguu wowote, tukubaliane kwamba kwilti ina kazi mbili. Kwanza unaunga viraka mpaka upate kitambaa kimoja cha juu. Halafu unapanga tabaka tatu, yaani kitambaa cha juu, wadingi (tabaka laini ya kujazia) au blanketi ya mtumba katikati, na merikani au shuka chini, unazishona pamoja zisiachane. Kazi ya kwanza inataka kipimo. Ya pili inataka tabaka zisiteleze. Hakuna mguu mmoja unaofanya zote mbili vizuri, na mwenye duka akikuambia upo, mshukuru utoke.

Sasa kipimo cha cherehani yenyewe, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Miguu haiingiliani. Kile chuma kinachoshuka kutoka kichwani, ambacho mguu unafungwa kwake kwa skrubu, kina urefu wake, na mguu una shanki yake, yaani kile kikono cha juu kinachoshikwa na skrubu hiyo. Shusha mguu ukae juu ya bati, lile la chini ya sindano, bila kitambaa. Chukua rula, pima kutoka kwenye bati mpaka katikati ya skrubu inayoshika mguu. Ukipata karibu nusu inchi, au inazidi kidogo, cherehani yako ni ya shanki fupi. Ukipata inchi moja au zaidi, ni ya shanki ndefu. Cherehani nyeusi za kukanyaga na nyingi za nyumbani za umeme ni shanki fupi. Za kiwandani, kama zile Juki za mafundi wa sare za shule, ni shanki ndefu. Zipo pia Singer chache za zamani ambazo chuma chake kimelala upande, hakikusimama wima. Ukiwa na ile, usinunue mguu kwa kubahatisha kabisa, kwani unataka mguu wake maalumu.

Cherehani mpya za plastiki zina miguu ya kubonyeza: unabonyeza kitufe nyuma, kiatu kinaanguka, unaweka kingine bila bisibisi. Hiyo nayo ina kishikio kilichofungwa kwa skrubu. Ukitoa kishikio, chini yake utakuta shanki ile ile ya kupima.

Njia rahisi kuliko rula? Fungua mguu ulio nao, uuweke kwenye bahasha, uende nao dukani. Mkipanda gari kwenda Kampala kununua vitambaa Kiyembe, mguu uwe kwenye mkoba. Muuzaji auweke wa kwake kando ya wako, skrubu kwa skrubu, unyayo kwa unyayo. Usikubali neno “utaingia tu, mama”.

Mguu wa kwanza ni wa robo inchi, na hapa nitakaa kidogo.

Karibu kila mchoro wa kwilti mtakaokutana nao umepigiwa hesabu ya nafasi ya mshono ya robo inchi, kama milimita 6. Sisi tuliojifunza kwa kushona nguo tunapenda nafasi kubwa. Sketi ya shule unaachia hata inchi moja ili ifumuliwe mtoto akikua. Gomesi, lile vazi la akina mama, vilevile, mteja akinenepa unajua pa kupata kitambaa. Kwenye kwilti hakuna anayenenepa. Nafasi ni robo, kote, kila mara.

Mtu ataniuliza: nikikosea unywele mmoja kuna nini? Njooni tupige hesabu pamoja. Kata viraka 10, kila kimoja inchi 2 na nusu kwa inchi 2 na nusu. Viunge mstari mmoja. Kila kiraka kinabaki inchi 2, ukijumlisha na nusu inchi ya kingo mbili za mwisho, mstari wako uwe inchi 20 na nusu. Sasa tuseme wewe unashona ukiwa umezidisha kidogo sana, sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, milimita moja na nusu hivi. Jicho haliioni. Lakini mshono unakula pande mbili, kwa hiyo kila mshono umekula moja ya nane ya inchi. Mstari wa viraka 10 una mishono 9. Tisa mara moja ya nane ni inchi moja na moja ya nane. Umepoteza karibu sentimita 3, na huo ni mstari mmoja tu.

Ukiwa unashona peke yako nyumbani, bado una bahati, kwa sababu kosa lako linafanana na lako. Mistari yote itapungua sawa, utapata kwilti ndogo lakini iliyonyooka. Shida ni vikundi. Mama Akello ameshonea kwake mistari mitano, jirani yake mitano, binti wa tatu mitano, kila mtu na cherehani yake na jicho lake. Jumamosi mnakutana kuunganisha: mmoja ana inchi 20 na nusu, mwingine 19 na zaidi kidogo, wa tatu 21. Halafu mnaanza kuvuta. Kitambaa kinavutwa kikae, pasi inakandamiza, na kwilti ikitandikwa kitandani ina mawimbi kama ziwa wakati wa upepo. Mteja hajui robo inchi ni nini, lakini mawimbi anayaona, na bei anaishusha hapo hapo.

Ndiyo sababu ninasema kikundi kinunue mguu wa robo inchi wa aina moja kwa wote kabla ya kununua kitu kingine chochote. Mguu huu kutoka sindano mpaka ukingo wake wa kulia ni robo inchi kamili. Unapeleka ukingo wa kitambaa sambamba na ukingo wa mguu, umemaliza. Mingine ina kibati kidogo kimesimama upande wa kulia, kitambaa kinakigusa na hakiwezi kupita. Kwa anayeanza, wenye kibati ni bora. Kwa fundi mzoefu kibati kinaudhi, hasa ukifika mahali mishono miwili inapokutana na pana unene. Mimi napendelea usio na kibati, lakini nikifundisha nafunga wenye kibati. Kwa mwenye cherehani ya zigizaga, angalizo: mguu huu ni wa mshono ulionyooka. Ukisahau kurudisha kitufe kwenye mshono ulionyooka, sindano itapiga chuma ivunjike, na kipande kinaweza kuruka usoni.

Angalieni pia alama ndogo ubavuni, moja mbele ya sindano na moja nyuma. Nazo kwenye miguu mingi ziko robo inchi kutoka kwenye sindano. Zinakuonyesha pa kusimama ukitaka kugeuza kona bila kuchora kwa chaki.

Tena, usiuamini mguu kwa sababu umeandikwa robo. Upime. Kata vipande vitatu vyembamba vya upana wa inchi moja na nusu, urefu wa kiganja. Viunge vitatu pamoja, piga pasi mishono ilale upande mmoja. Pima kile cha katikati. Kiwe inchi moja kamili, na vyote pamoja inchi 3 na nusu. Kikiwa chini ya inchi, unashona ndani mno, sogeza kitambaa kushoto kidogo, upana wa nyuzi moja au mbili. Kwa kawaida mafundi wa kwilti hushona robo iliyopungua nywele, kwa sababu kitambaa kikikunjwa juu ya uzi, mkunjo nao unakula nafasi yake. Kitenge kilichotiwa nta kinakula zaidi ya pamba laini. Kwa hiyo jaribio lifanyike kwa kitambaa mtakachotumia, na kila mwanakikundi alete kipande chake cha jaribio kabla ya kupewa viraka vya kazi. Mwenyekiti akishika rula mkononi hakuna ugomvi Jumamosi.

Na asiye na pesa ya mguu je? Inua mguu wa kawaida. Weka rula chini ya sindano, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka ncha ya sindano iguse alama ya robo. Bandika utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, kwenye bati kando ya ukingo wa rula, tabaka kadhaa ili kitambaa kipate ukuta wa kugonga. Usifunike meno yanayovuta kitambaa. Cherehani nyeusi zina hata zawadi ambayo wengi hamjaitambua: matundu yenye nyuzi za skrubu kwenye bati, upande wa kulia wa sindano. Ni ya kufungia kiongozi cha mshono, kichuma kidogo kinachosogea. Kichuma hicho ni bei ndogo kuliko mguu, na kikifungwa vizuri kinafanya kazi ile ile. Basi hata mguu wa kwanza niliousifu hivi, unaweza kuishi bila huo.

Mguu wa pili hauna utepe wa kuuokoa. Ni mguu wa kutembea.

Tatizo lenyewe mnalijua hata kama hamjashona kwilti. Meno ya cherehani yako chini. Yanavuta kitambaa cha chini, na cha juu kinaburuzwa nyuma kwa sababu mguu umekikalia. Kwa nguo ya tabaka mbili, unavuta kidogo kwa vidole, mambo yanaenda. Kwa tabaka tatu, ya katikati ikiwa ni blanketi lenye manyoya, ukifika mwisho wa mstari kitambaa cha juu kimebaki nyuma, kimejikunja mbele ya mguu, na ukigeuza nyuma unaona mikunjo iliyoshonewa.

Mguu wa kutembea una meno yake juu. Una pia mkono au uma unaokaa kwenye skrubu inayoshika sindano. Sindano ikipanda, uma unapanda nao na meno ya juu yanashika kitambaa, yanakivuta pamoja na meno ya chini. Sindano ikishuka, yanaachia. Kwa hiyo tabaka ya juu na ya chini zinasogezwa pamoja. Ni mkubwa, una sura ya kutisha, unapiga kelele za tak-tak-tak, na kwenye cherehani ya kukanyaga utasikia kanyagio limekuwa zito. Ndivyo ulivyo.

Kabla ya kununua hakikisha mambo mawili: shanki, na kwamba uma unafika kwenye skrubu ya sindano. Kuna cherehani ambazo skrubu hiyo ni fupi au iko upande mwingine, uma unakosa pa kukalia, na mguu unakuwa mzigo tu. Ukishaufunga, zungusha gurudumu kwa mkono mizunguko michache kabla ya kugusa kanyagio.

Tumia mshono mrefu kuliko wa kuunga viraka. Viraka tunaviunga kwa milimita 2 mpaka 2 na nusu. Tabaka tatu zipe 3 au zaidi kidogo. Nenda polepole. Usirudi nyuma na mguu huu, meno yake yamepangwa kwenda mbele. Ukitaka kufunga uzi, anza na mishono mifupi sana, au acha nyuzi ndefu uzifunge kwa mkono. Mistari iliyonyooka na mikunjo mipole ndiyo kazi yake. Ua la kuzunguka zunguka halimo. Na mingi inauzwa na kichuma kirefu kilichopinda, kinachochomekwa nyuma. Wengine mnakitupa pamoja na karatasi. Hicho ni cha kupimia nafasi kati ya mstari na mstari, mkikitumia hamhitaji kuchora kwilti nzima kwa chaki.

Tena mguu huu haulali kwilti zikiisha. Mabaki ya gomesi yale yanayoteleza, kitambaa cha mistari kinachotaka kukutana mistari, hata kukaza pindo la kwilti pande zote, unafaa. Mwenye lubugo, nalo ni kitambaa cha magome kinachoweza kuingia kwenye kwilti za ukutani na wageni wanakipenda: tumia mguu huu, na mshono mrefu. Lubugo halijafumwa, kila tundu la sindano linabaki tundu. Mishono mifupi ikifuatana inakata magome yenyewe.

Mguu wa tatu ni wa kudarizi kwa kuongoza mwenyewe. Una duara au kiatu kidogo wazi na chemchemi. Unashusha meno, au unayafunika kwa kibati kama cherehani yako haiyashushi, kisha kitambaa kinakwenda unakokipeleka wewe, mbele, nyuma, kando. Hapa mafundi wa kanzu mnatabasamu, na mna haki. Mtu aliyezoea kudarizi ule mstari wa rangi ya damu ya mzee kwenye kifua cha kanzu amekwisha kujua kazi hii, tena wengine mnaifanya bila mguu wowote, kwa fremu na vidole. Kwa kwilti nawaomba mfunge mguu. Tabaka tatu zinarukaruka na sindano, mshono unakosekana, na kidole kiko karibu. Wengine wote msiununue mwaka huu. Mstari ulionyooka uliokaa sawasawa unauzika kuliko ua lililotetemeka.

Yaliyobaki nayataja nikitembea. Mguu wa zipu mnao tayari, ulikuja na cherehani. Unatosha kwa kamba ya pembeni. Mguu wenye kibati katikati wa kushona ndani ya mfereji wa mshono ni mzuri, si wa lazima. Mguu wazi mbele ni wa wenye zigizaga wanaobandika maumbo juu ya kitambaa. Ule wa kukunja marinda unapendeza mkononi na sijaona kwilti iliyouhitaji.

Jambo dogo linalosahaulika: skrubu au kitufe cha juu ya kichwa, kinachopunguza mgandamizo wa mguu. Ukitoka kwenye kitenge kimoja kwenda kwenye tabaka tatu, legeza kidogo. Wengi mnalaumu mguu mpya kumbe mgandamizo ni ule wa jana wa sare za shule.

Maswali.

Mzee mmoja mbele ameuliza: yeye ana ya kiwandani tu, je, kwilti si yake? Ni yako, mzee, nusu. Nunua mguu wa kiwandani wenye kiongozi upande wa kulia ulioandikwa 1/4. Kiongozi kina chemchemi, kinapanda na kushuka. Mashine yako itaunga viraka kwa kasi ambayo cherehani ya kukanyaga haitaiona. Miguu ya kutembea ya nyumbani usijaribu, mingi ni ya shanki fupi, na za kiwandani zinazotembea ni mashine nzima zilizoundwa hivyo, hasa za ngozi na viti. Ungana na mama mwenye Butterfly: wewe uunge, yeye ashone tabaka.

Kijana pale nyuma anasema amefunga mguu wa kutembea na uzi unaruka mishono. Kwanza badilisha sindano, hata kama bado inaonekana nzima. Tabaka tatu zinataka namba 90/14, na iliyopinda kidogo haionekani kwa macho. Pili, angalia uma uko juu ya skrubu ya sindano, haujaanguka chini yake. Tatu, punguza mwendo. Ukifanya hayo yote na bado inaruka, usiufungue mguu. Niletee cherehani hapa mbele baada ya chai ukiwa umefungwa hivyo hivyo, nione ulivyoufunga.